Naomba ushauri: mirija inafeli kipimo cha uvujaji mchana, asubuhi inapita

Habari zenu wakuu. Nipo kitengo cha ubora kwenye kiwanda kidogo. Tunaunganisha mirija laini ya PVC ya kufyonza damu wakati wa upasuaji, ile ya kutumika mara moja na kutupwa. Kila mrija unazibwa ncha moja, unajazwa hewa hadi kilopaskali 50, unaachwa utulie sekunde 5, kisha mashine inapima shinikizo limeshuka kiasi gani kwa sekunde 10. Kikomo chetu ni paskali 200.

Asubuhi mambo shwari. Jua likishapanda, mirija kibao inakataliwa, lakini tukiizamisha majini ikiwa na hewa haitoi hata povu moja. Tumebadilisha mipira ya kuzibia na kukagua viungio vyote. Tukifunga bomba la chuma badala ya mrija, linapita saa zote, kwa hiyo mashine siishuku sana. Najua kwa shinikizo hilo badiliko la nyuzi 1 tu ya selsiasi linasogeza kama paskali 500, ila nahisi zaidi PVC ikipata joto inalainika na kutanuka.

Bosi anataka tupandishe kikomo. Mimi sikubali, maana huo ni mlango wa kupitisha mbovu.

Waliowahi kupima mirija laini: niongeze muda wa kutulia, au nishushe shinikizo la kujazia? Na baada ya kubadilisha, nithibitisheje kwamba tundu dogo la kweli bado linakamatwa?