Sensa ndogo bado ina maana au nihamie fulfremu?

lenzi_begani:
Wakuu habari za humu. Natumia Micro Four Thirds (hizi kamera za sensa ndogo) mwaka wa sita sasa, bodi moja na lenzi tatu, na kipenzi changu ni ile 300mm f/4 ya Olympus, lenzi ya kuvuta mbali (f ni tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa). Kazi zangu kwa sana ni ndege na wadudu, harusi mara mojamoja nikiitwa. Shida ni kwamba kila nikikutana na wenzangu wa fulfremu, wale wa sensa kubwa, ni vijembe tu, eti natembea na toi, eti mfumo ulishakufa siku Olympus walipoachana na kamera. Mchana sina malalamiko kabisa ila ukumbini usiku ISO (ile ya kuongeza mwangaza wa picha gizani) ikigonga 6400 chenga, yaani punjepunje kwenye picha, zinanitia aibu mbele ya mteja. Niuze vyote nihame au nitulie?

MzeeWaChenga:
Hama mkuu, unasubiri nini? Sensa yako ni 17.3 kwa 13 mm, fulfremu ni 36 kwa 24, zidisha mwenyewe utaona eneo ni karibu mara nne. Hizo ni stopu mbili za mwanga (kila stopu ni mara mbili), yaani chenga unazopata wewe kwenye 1600 mimi nazipata kwenye 6400, na wewe ukiwa kwenye 6400 ndo kama mimi nimefika 25600, sasa lazima uone aibu 😂. Na ile f/2.8 yako kasi ya shata inakupa sawa na mimi, sikatai, ila ukungu wa nyuma ni kama wa f/5.6 kwangu, bibi harusi anaonekana vizuri na viti vya plastiki nyuma yake navyo vinaonekana vizuri. Hoja ya udogo nayo usiniletee. Sony A7C II ni fulfremu na ina gramu 514 na betri ndani, OM-1 ya sensa ndogo inakaribia 600.

kerengende:
Mzee hesabu huna mpinzani, ila unapima bodi wakati mzigo uko kwenye lenzi. Jamaa anapiga ndege. Akitaka kumwona ndege kwa ukubwa uleule anaouona sasa anahitaji lenzi ndefu mara mbili kwenye fulfremu, yaani 600mm, na 600mm f/4 ni kilo 3 na ushee, hiyo sio lenzi ya kuzunguka nayo porini siku nzima mkononi, hiyo unatembea nayo na traipodi na pengine na mtu wa kuibeba. Yake haifiki hata kilo moja na nusu. Na usimwambie avae 300mm kwenye fulfremu halafu akate picha, maana ukikata ili upate upana huo unabaki na robo ya sensa, bodi ya megapikseli 45 inakuachia 11 hivi, ya 24 inakuachia 6, wakati yeye ana 20 zake zote juu ya ndege.

MzeeWaChenga:
Hapo umekwepa. Unalinganisha f/4 na f/4 kama vile hujasoma nilichoandika juu. Ile 300mm f/4 kwa mwanga wote unaofika kwenye sensa ni sawa na 600mm f/8 ya fulfremu, sio f/4. Sasa Nikon wana 600mm f/6.3 ya fulfremu, ukiipima pamoja na kola yake (pete ya kufungia traipodi) ni gramu 1470. Ya jamaa pamoja na kola yake ni 1475. Uzito uleule na mwanga zaidi naupata mimi. Zamani ulikuwa unabeba kilo tatu au unahamia sensa ndogo, siku hizi hapana.

kerengende:
Daah hiyo 1470 umenishika, nakubali. Kwa ndege peke yake kama mtu anaanza leo na mfuko unaruhusu, kweli simwambii tena lazima sensa ndogo.

Lakini kasema ndege NA wadudu bana. Hiyo Nikon haishiki fokasi chini ya mita 4. Ya Olympus inashika hadi mita 1.4. Mimi kereng'ende nawapiga na lenzi hiyohiyo niliyotoka kumpigia mwewe, sibadilishi kitu, nainama tu. Kwako wewe hapo unaanza kurudi kinyumenyume kama umeona nyoka 😂. Ile ya kusema sensa ndogo inakupa mdudu mzima kwenye fokasi siitumii, maana fulfremu ukifunga tundu stopu mbili na kupandisha ISO mbili mnakuwa palepale. Watu wa upande wangu wanaipenda sana hiyo hoja ila haina nguvu.

tundu_f8:
Kuhusu kufa, kitengo cha kamera cha Olympus kilihamia OM Digital Solutions Januari 2021, OM-1 ikatoka 2022, na Panasonic wakatoa GH7 2024. Maiti gani inatoa kamera? Ila kinachonichosha ni kwamba wenyewe wanapoteza sababu ya kuwepo, Panasonic G9 II ina umbo lilelile la S5 II ambayo ni fulfremu. Ukishanipa bodi kubwa vile na sensa ndogo ndani, mimi mnunuzi nabaki najikuna kichwa.

Harusi azime bodi ya fulfremu na lenzi moja ya 50mm f/1.8, asiuze kitu.

lenzi_begani:
Aisee asanteni. Hiyo ya mita 1.4 nilikuwa naitumia kila wiki wala sijawahi kuifikiria, nilidhani ndo lenzi zote zilivyo. 300mm haiuzwi. Mzee wa Chenga jiandae, jumamosi ya harusi naja kuazima ya kwako.

MzeeWaChenga:
Njoo. Ila betri ni moja na usiniguse menyu.