Bima ya safari ya bi mkubwa kwenda Ujerumani, nichukue ipi?

Wakuu wa Rock City, Mwanza yetu, habarini, bi mkubwa anaenda Ujerumani kwa sista kulea mjukuu miezi miwili, sasa viza wanataka bima na mi nimezunguka mjini hapa kila ofisi ina bei yake, mwingine ananiambia chukua tu ya bei chee kwani nani ataugua. Ana presha na ana miaka 67. Nifanyeje?

Ngosha wa Igoma: Mkuu viza ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani imo) bima lazima ifike yuro 30,000, ikubalike nchi zote za Schengen na ibebe matibabu ya dharura, kulazwa na gharama za kurudishwa nyumbani, hata mwili. Na tarehe zifunike siku zote atakazokaa, usibane siku kubania hela.

Dada wa Kirumba: Hiyo presha ndo kesi yenyewe. Itaje kwenye fomu! Bima nyingi hazilipi ugonjwa uliokuwepo kabla, mi mamangu mdogo tulimkatia tukaficha sukari, alipolazwa wakaomba historia yake wakakataa kulipa, tukachangishana ukoo mzima mpaka ng'ombe wa Magu wakauzwa. Soma pale wanapoandika visivyolipwa, hayo maandishi madogo.

Kijana wa Nyegezi: Uliza pia viza ikigoma wanarudisha hela au la.

Muuliza: Aisee asanteni, kesho naenda na fomu yake ya kliniki kabisa. Dada wa Kirumba, pole ya ng'ombe 😅