Naomba ushauri: binti yangu na hizi filme za basichana ba lise (sekondari)

Bandugu na bamama, munisaidie. Niko Bukavu, binti yangu iko na miaka 14, filme zake zote ni za basichana ba lise za Marekani, mwenye akili anavaa lineti (miwani) na hana rafiki, mrembo ni mubaya na kichwa tupu, kisha ule wa lineti anazitosha, bananyoosha nywele na gafla kila mutu anamuona. Muangalie The Princess Diaries ya 2001, Mia, msichana wa hiyo filme, ni yule yule, ila eti nywele za kujikunja ndizo zilikuwa shida! Mean Girls ya 2004 yenyewe ilitengenezwa juu ya kuchekelea hiyo tabia ya basichana kuzarauliana, lakini wangu ameshika tu namna ya kuzarau benzake.

Sasa hataki kuvaa lineti ku masomo, ku tablo haone kitu, na anadai defriza, dawa ya kunyoosha nywele. Baba yake anasema tukataze filme, mimi naona ataenda kuziangalia kwa jirani, tena hata za Nigeria msichana wa mujini ni shetani wa kijijini malaika, afadhali iko wapi? Benye muko na basichana ba hii umri, munaongea nabo namna gani bila kugombana? Na filme yenye msichana ni mutu wa kawaida tu, munitajie.