MJADALA: Anayeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, apewe wakili kwa gharama ya serikali au ajitetee mwenyewe?

Wadau, habari za jioni. Naleta hoja hii tuijadili bila matusi, maana najua inachoma. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa sheria ya Tanzania ilivyo, mtu akishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha asisimame kizimbani peke yake. Kama hana uwezo, serikali imlipie wakili. Na nasema hivi mimi niliyewahi kuwekewa panga shingoni.

La panga nitalifikia. Kwanza sheria yenyewe, kwa sababu maneno haya tunayachanganya sana vijiweni.

Mtu akiichukua simu yako uliyoiacha mezani bila wewe kujua, huo ni wizi, na adhabu ya wizi wa kawaida kwenye Kanuni ya Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 7. Akikupiga au akakutishia ili aichukue, au ili usimnyang'anye tena, hapo wizi umegeuka unyang'anyi, miaka 15. Akifanya hayo huku ana silaha, na silaha hapa si bunduki tu, hata kisu au panga, tunaingia kifungu cha 287A: kifungo kisichopungua miaka 30, pamoja na viboko au bila viboko. Tulisome vizuri hilo neno "kisichopungua". Mshtakiwa anaweza kuwa kijana wa miaka 19, kosa lake la kwanza, simu yenyewe ya elfu themanini na imesharudi kwa mwenyewe. Akitiwa hatiani, hakimu hana ruhusa ya kutoa miaka 29.

Tena ni kosa lisilo na dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kilichokuwa kinazuia dhamana kwa makosa ya namna hii, kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Kwa hiyo mshtakiwa anakaa mahabusu tangu siku ya kwanza, anapanda karandinga, anashuka, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudi. Kutafuta mashahidi wake akiwa mle ndani hawezi.

Sasa sikieni jambo linaloninyima usingizi. Kesi ya mauaji inasikilizwa Mahakama Kuu, na huko mshtakiwa asiye na uwezo anawekewa wakili. Ni utaratibu wa miaka mingi. Kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha inaanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Huko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu hakimu kuelekeza mshtakiwa apatiwe msaada, akiona haki inadai hivyo. Asipoona, kesi inaendelea. (Kabla hamjanirukia: nasema wakili wa kulipiwa na serikali, siyo wakili wa serikali. Huyo wa pili ndiye anayemshtaki.)

Niliwahi kukaa kwenye mahakama moja ya wilaya nikisubiri shauri letu la mirathi. Kabla yetu alipandishwa kijana mwenye shati la kijani lililopauka na ndala za rangi mbili tofauti. Shahidi alikuwa mama mwenye duka, akaeleza alivyovamiwa usiku, akamnyooshea kidole: ni huyu. Hakimu akamgeukia kijana, kwa upole kabisa: "Una maswali kwa shahidi?"

"Mheshimiwa, huyu mama ananisingizia. Siku hiyo mimi nilikuwa Chalinze."

"Huo ni utetezi wako, utautoa wakati wako ukifika. Sasa hivi ni kumuuliza shahidi. Una swali?"

Kijana akatazama sakafu, akamtazama mama, akasema, "Sina."

Baadaye akaingia askari na karatasi za maelezo ya onyo, yale anayoandikisha mtuhumiwa polisi. Hakimu akauliza kama mshtakiwa ana pingamizi zipokelewe. "Hapana, mheshimiwa." Aliitikia kwa adabu, kama mtu anayeogopa kuonekana mbishi mbele ya wakubwa.

Ndugu zangu, mle ndani hazikupita dakika arobaini. Anayeijua sheria angeona kijana amejifungia milango mitatu. Wa kwanza: mwenye utetezi wa kwamba hakuwepo eneo la tukio anatakiwa kutoa taarifa mapema, ili upande wa mashtaka ukaichunguze hiyo Chalinze. Akiibuka nayo mwishoni, mahakama inaweza isiipe uzito wowote. Wa pili: Mahakama ya Rufani imesharudia mara nyingi kwamba usipomhoji shahidi kwenye jambo la msingi, unachukuliwa umelikubali. Lile "sina" halikuwa ukimya, liliandikwa kwenye jalada. Wa tatu: maelezo ya onyo yanapingwa kabla hayajapokelewa. Kama ulipigwa, au ulihojiwa nje ya saa nne ambazo sheria inawapa polisi tangu ukamatwe bila muda kuongezwa kihalali, hapo ndipo pa kusema. Yakishapokelewa na kusomwa bila pingamizi, kuyapinga baadaye ni kupanda mlima.

Yote matatu yangehitaji wakili wa kawaida tu, hata aliyetoka kuapishwa mwaka jana.

Sasa la panga. Nilikuwa natoka kazini usiku, bodaboda imenishusha mwisho wa lami, nyumbani kama mita mia mbili. Walitokea watatu. Mmoja alinimulika machoni kwa tochi, mwingine akaniwekea panga hapa shingoni, baridi yake naikumbuka mpaka leo. Walichukua simu, pochi na begi la kompyuta. Haikuzidi dakika moja. Siku nne baadaye nikaitwa kituoni kwenye gwaride la utambulisho. Wanaume wanane wamepangwa mstari, naambiwa nikimtambua nimguse bega.

Wadau, nilitaka mno awepo. Hasira ilikuwa bado mbichi. Namba tano alikuwa na kapelo kama ya yule wa panga, na mdomo wake ulinifanya nitetemeke. Nilisogea, mkono ukanyanyuka. Kisha nikajiuliza: mimi nilimulikwa tochi, uso niliuona saa ngapi? Nikamwambia afande sina uhakika. Hakufurahi, na sikumlaumu.

Miaka kadhaa baadaye ndiyo nikaisoma kesi ya Waziri Amani ya 1980, ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa, na ikataja ya kuangaliwa. Shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani? Umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Aliwahi kumjua au kumwona kabla? Nipimeni kwa maswali hayo mimi wa siku ile: chini ya dakika moja, usiku, mwanga uko machoni kwangu badala ya usoni kwake, simjui. Nimeanguka yote. Lakini ningemgusa bega namba tano, nani angeniuliza mahakamani? Yeye mwenyewe, kama yule kijana wa ndala, halafu aambiwe huo ni utetezi, subiri wakati wako.

Hoja hii si yangu peke yangu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapahapa Arusha, ilitoa hukumu Novemba 2015 kuhusu Mtanzania aliyefungwa miaka 30 kwa kosa hilihili bila kupewa wakili. Ilisema nchi yetu ilivunja haki yake ya kusikilizwa. Zikafuata nyingine za namna hiyo. Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile. Mlango umefungwa, na tatizo tumebaki nalo wenyewe.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mdau mmoja wa Dar kanijibu kwa uchungu. Anakumbusha Panya Road, vijana wa mapanga walioingia nyumba za watu mwaka 2022 wakakata na kuua, na anasema anayewaonea huruma hajawahi kulala na watoto chini ya kitanda. Kaka, pole sana. Nakuelewa, na miaka 30 kwa waliofanya yale sina ugomvi nayo. Ila fikiria hili: kila anapofungwa asiyehusika, faili linafungwa. Hakuna askari anayeendelea kumtafuta mwenye panga, kwa sababu kitabuni ameshapatikana. Wakili anayembana shahidi anakulinda na wewe pia.

Mwingine anasema pesa hazipo, hospitali hazina dawa. Hii ni hoja nzito na siipuuzi. Lakini hesabu yake ifanyike mpaka mwisho. Mfungwa mmoja ni miaka 30 ya chakula, matibabu na askari wa kumlinda. Ni rufaa Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Someni hukumu za Mahakama ya Rufani zilizowekwa wazi mtandaoni muone wanavyoachiwa watu waliokwishakaa ndani miaka na miaka, kwa sababu utambuzi ulikuwa dhaifu au hati ya mashtaka haikutaja hata nani alitishiwa. Kasoro kama hizo wakili anazisema siku ya kwanza. Waliotaja wasaidizi wa kisheria wa mitaani, asanteni, wanafanya kazi kubwa kwenye ardhi na ndoa, lakini sheria haiwaruhusu kumsimamia mtu mahakamani.

Kuna aliyeandika kwamba hakimu ataongoza kesi kwa haki, na siku hizi mahakama zinatumia Kiswahili. Ni kweli, mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ni hatua niliyoishangilia. Lakini yule kijana aliulizwa kwa Kiswahili fasaha, na alielewa kila neno isipokuwa uzito wake. Hakimu naye, hata awe mwema vipi, hawezi kushika filimbi na kucheza beki wa upande mmoja.

Ndugu yetu wa Mombasa anasema tushukuru, kwao unyang'anyi wa kutumia nguvu umeandikiwa adhabu ya kifo, na si lazima kuwe na silaha. Inatosha mkiwa wawili, au aliyeibiwa akapigwa. Sawa. Lakini Katiba yenu ya 2010, ibara ya 50, inasema waziwazi kwamba mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila hivyo haki itaumia sana. Sisi ibara ya 13 ya Katiba yetu inazungumzia kusikilizwa kwa ukamilifu, wakili hatajwi. Utekelezaji wenu mnaujua wenyewe, ila maandishi yapo, mna pa kushika.

Hoja iliyonikalisha kitako ni ya dada aliyesema ninaanza mwisho: tuondoe kwanza hicho kiwango cha chini cha miaka 30, hakimu apime kila kosa kwa uzito wake, wakili atafuata. Nimeifikiria usiku kucha. Kiwango kikiondolewa anasaidika aliyetenda kosa dogo. Wakili anamsaidia ambaye hakutenda kabisa. Nikilazimishwa kuchagua moja kwa bajeti ya mwaka huu nachagua la pili, ila dada nikubalie tuendelee, maana sijakushinda. Mahakimu wastaafu na askari magereza mliomo humu, mnaowaona watu hawa kila siku, semeni lipi lianze.

Na yule aliyeuliza nilijuaje kwamba mkono wangu ulikuwa unakwenda kwa mtu asiye mwenyewe. Nilijua dakika kumi tu baadaye, nimesimama nje ya kituo nikisubiri bodaboda. Namba tano alitoka kwa mlango uleule, akavua kapelo, akavuka barabara na kuwasha jiko. Alikuwa muuza chipsi wa pale mbele, polisi walimwomba aje ajaze mstari.