Yule bwana wa dirisha la mwisho kamwambia mdogo wangu "hutafika Krismasi"!!!

DadaMalaba:
Wakuu, tangu asubuhi sijala na mikono bado inatetemeka. Ni yule bwana wa dirisha la mwisho, ofisi ya kusajili wanafunzi wapya wa chuo kikuu. Mnamjua. Yule wa miwani iliyofungwa uzi, anayetafuna njugu huku unamweleza shida zako. Kila aliyepita pale anamjua, msinilazimishe kumtaja.

Nimempeleka mdogo wangu leo. Tumetoka Malaba usiku, tumefika alfajiri, foleni imeshazunguka jengo mara mbili, nusu ya Uganda iko pale. Jua likatuchoma mpaka saa nane. Zamu yetu inafika, bwana anaishika karatasi ya matokeo kwa ncha za vidole viwili kama nepi iliyolowa, halafu anaisoma KWA SAUTI iliyosikika mpaka Jinja: "Historia D. Uchumi E. Jiografia D. Pointi kumi pamoja na masomo madogo." Akamtazama mtoto. Akatema ganda. "Wewe binti, hapa hutafika Krismasi."

Hutafika Krismasi! Na foleni ikacheka.

Wanataka principal mbili (masomo makuu uliyofaulu), yeye anazo tatu. Fomu tumelipa. Sasa Krismasi imeingiaje? Amemwona dakika mbili, njugu mdomoni, tayari keshajua mtihani wa Desemba utakuwaje? Mtoto huyu alikuwa S.2 (sekondari mwaka wa pili) shule zilipofungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, muda mwingi anauza nyanya na mama pale mpakani. S.6, mwaka wa mwisho, mwalimu wao wa uchumi aliondoka muhula wa pili, hakuletwa mwingine. Ile E alijifundisha mwenyewe kwa madaftari ya kuazima kutoka Tororo, na karatasi ya UNEB (baraza la mitihani la taifa) aliyoifanya ndiyo ileile waliyopewa watoto wa Wakiso, kando ya Kampala, wenye walimu wawili kwa kila somo. Hayo yameandikwa wapi kwenye ile karatasi? Hayapo! Lakini yeye kasoma humo mpaka Krismasi!

Mtoto hajasema neno njia nzima. Ameinamia bahasha yake tu. Hutafika Krismasi, kweli? Unamwambia hivyo mtoto wa watu?

KijanaWaBombo:
Hahahaha samahani dada, nimecheka kwanza. "Akatema ganda." Zile njugu alikuwa nazo tangu mwaka niliosajiliwa mimi. Rafiki yangu aliulizwa kama amekuja kusoma au kufagia.

BodaWaNtinda:
Pointi 10 na foleni mnaikalia mpaka saa nane? Si mngerudi tu Malaba mkauze nyanya.

DadaMalaba:
@BodaWaNtinda nyanya hizohizo ndizo zimelipa fomu. Shika adabu.

HesabuNiHesabu:
Tuache kelele tuangalie namba. Alama za shule zinatabiri alama za chuo, ila kwa kiasi tu. Marekani wana mtihani wa kuingia chuo, SAT, tangu 1926. Wenye mtihani wenyewe, College Board, walitoa ripoti 2008: uhusiano wa SAT na wastani wa mwaka wa kwanza chuoni (0 ni hakuna, 1 ni kamili) ulikuwa 0.35, wa alama za sekondari 0.36, ukiviweka pamoja 0.46. Ukichukua 0.36 ukaizidisha yenyewe unapata kama 13 kwa mia. Yaani katika tofauti zote za alama za wanafunzi mwaka wa kwanza, karatasi ya shule inaeleza 13 kwa mia. Zilizobaki ziko kwingine. Kwa mtu mmoja aliyesimama dirishani, hakuna anayeweza kusema Krismasi.

Ila kuwa mkweli dada: waliokataliwa hawana alama za chuo, kwa hiyo hesabu inafanywa kwa waliochaguliwa peke yao, na hiyo hushusha namba. Ripoti ileile ilipolirekebisha hilo, 0.36 ikapanda mpaka 0.54. Si kidogo.

DadaMalaba:
Mkuu mimi sikuuliza desimali. Alisema HUTAFIKA KRISMASI. Mbele ya watu.

KijanaWaBombo:
@HesabuNiHesabu mbona hao Wamarekani wenyewe hawaelewani? Chuo Kikuu cha California kiliamua 2020 kuiacha SAT, MIT, chuo chao cha teknolojia, wakairudisha 2022.

HesabuNiHesabu:
MIT walisema inawasaidia kujua nani atamudu hisabati yao, na inawaonyesha watoto wazuri kutoka shule zisizojulikana. Hilo la pili lingemfaa mdogo wake DadaMalaba.

MzeeWaTororo:
Mwanangu, pole. Nimefundisha A-level (S.5 na S.6) muda mrefu. Nimeona watoto wa pointi 19 na 20 wametoka shule za bweni ambako kengele inawaamsha saa kumi usiku, pamfleti wanapewa, maswali ya miaka iliyopita wanayakariri mpaka nukta. Wakifika chuo hakuna kengele, hakuna wa kuwapigia kelele, muhula wa kwanza tu wengine wanarudia masomo. Na nimeona wa pointi 11 akatoka na daraja la kwanza, GPA (wastani wa chuo) 4.4 na zaidi kati ya 5. Lakini nisikudanganye, wa pointi 11 wengi wanapata taabu, hasa kwenye kuandika insha ndefu. Mwanzishie hilo mapema, likizo hii. Mwambie asome magazeti na aandike kila siku ukurasa mmoja. Huyo wa njugu amekosa adabu, basi.

WakiliMtarajiwa:
Nyinyi mnalilia dirisha! Mimi nilikuwa na pointi 18, nikapeleka kwenye mtihani wa kujiunga na sheria, pasi ilikuwa 50, nikapata 48. ARUBAINI NA NANE. Miaka sita ya sekondari imefutwa asubuhi moja, chumba kina joto, kalamu imekwisha wino katikati. Nani alinipigia foleni ya huruma?

BodaWaNtinda:
Afadhali mtihani wa chuo. Kila mwaka UNEB wanazuia matokeo ya shule kwa wizi wa mitihani. Utaamini vipi karatasi?

WakiliMtarajiwa:
Kwa hiyo mimi niliiba?

BodaWaNtinda:
Sijasema. Umejijibu.

SimbaKoboko:
Na wasichana walianza kuongezewa pointi 1.5 za kuingia chuo mwaka 1990. Hilo hamlitaji.

MamaWatatu:
@SimbaKoboko wewe uliamka saa ngapi kuchota maji ulipokuwa S.6? Dada zako je? Kahesabu kwanza hayo ndiyo uje na 1.5.

SimbaKoboko:
Mama shikamoo, nimeuliza tu.

MamaWatatu:
Marahaba. Umeuliza vibaya.

MswahiliWaArua:
Wakuu, kuna dhuluma kubwa kuliko hizo zote na hakuna anayeifungulia uzi. Uzito wa masomo! Somo la lazima kwa kozi linazidishwa mara 3, linalofuata mara 2, kisha mara 1, lililobaki nusu. Mimi nilikuwa na A ya Kiswahili, pointi 6. Kozi niliyoomba ikaiweka kwenye nusu. Nimepata 3 mahali ambapo mwenzangu kwa A yake kapata 18! A ni A! Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lazima shule za msingi na sekondari, lakini ukikifaulu wanakikata nusu.

KijanaWaBombo:
Hapo umesema. Huku Bombo tunakizungumza nyumbani, mtoto akifika shule anaambiwa ni lugha ya askari.

DadaMalaba:
Jamani, na yule bwana? Tumwandikie barua mkuu wake au? Kesho tunarudi pale pale kuchukua namba ya usajili.

MswahiliWaArua:
Dada subiri kidogo. @KijanaWaBombo, huko kwenu walimu wa Kiswahili wapo? Huku tunaye mmoja kwa shule nzima.

SimbaKoboko:
Koboko naye yupo mmoja, na anafundisha kilimo pia.

MzeeWaTororo:
Tororo tunatafuta wawili, S.1 na S.2. Mwenye digrii na usajili wa ualimu anitumie ujumbe.

WakiliMtarajiwa:
Mshahara vipi mzee? Na nyumba ipo?