Unga wa lishe wa mtoto unanuka uvundo, nimwage au bado unafaa?

mama_wa_nkuhungu
Habari za jioni wadau, naombeni msaada maana hapa nyumbani tumebishana mpaka chakula kimepoa. Nina mtoto wa mwaka na miezi miwili, tupo Nkuhungu hapa Dodoma. Wiki tatu nyuma nilisaga unga wa lishe kilo 8, nikachanganya mahindi, mtama, ulezi, soya, mchele, ngano na karanga mbichi kilo moja na nusu, jirani ndo alinielekeza akasema ukiweka vitu vingi mtoto ananenepa haraka. Nafaka nikaziosha, sasa siku ile mvua ikanyesha mchana ikabidi nianike ndani sakafuni, kesho yake asubuhi nikapeleka mashine. Saivi nikifungua ndoo napata harufu ya gunia lililolowa na uji una kauchungu kwa mbali, mtoto anageuza shingo. Mama mkwe anasema uji ukichemka vizuri hakuna kitu kinabaki nisifuje chakula. Mtoto hajaharisha wala kutapika ila kliniki mara mbili mfululizo mstari wa uzito kwenye kadi umelala tu, haupandi.

Mzee_wa_Hazina
Mama mkwe kashatoa hukumu halafu unakata rufaa kwetu 😂😂 mwaga dada

binti_chemba
Mwaga shoga, na usichekecheke hapo. Mimi kwetu Chemba, 2016 yalitukuta. Watu walikuwa wanakula ugali wa mahindi yao wenyewe waliyolima, macho yanakuwa ya njano, tumbo na miguu vinavimba, wengine wakawa wanasema ni kurogwa, baadae serikali ikaja kupima ikasema ni sumukuvu kwenye mahindi. Dodoma na Manyara walikufa watu karibu 20 na wengi walikuwa watoto. Hiyo sumu inatoka kwenye ukungu, na kuchemsha haiiondoi, ukungu unakufa lakini sumu yake inabaki pale pale kwenye uji, kwa hiyo hapo mama (heshima yake iko palepale) amekosea.

Na sio lazima unuke ndo uwe na sumu, mahindi ya wale watu mengine yalikuwa yanaonekana mazima kabisa.

mhudumu_wa_jamii
Dada pole. Nimezunguka nyumba nyingi na kadi za watoto mkononi, hili la unga wa vitu saba naliona kila siku na huwa linaniudhi kidogo. Ngano na mchele hapo vimeongeza gharama tu. Na mahindi na karanga ndo vinavyoongoza kwa sumukuvu, wewe umeviweka vyote kwenye ndoo moja, tena karanga mbichi zina mafuta zikishasagwa unga unaanza kuchacha mapema, hako kauchungu huenda ndo hako.

Fanya hivi: saga mtama au uwele au ulezi peke yake, kidogo, wa wiki mbili basi. Kabla ya kuosha mwaga kwenye ungo uchague, punje iliyosinyaa, iliyovunjika, yenye weusi au ukijani inatoka. Ukiosha anika juu ya turubai au mkeka juani mpaka punje ukiing'ata inalia ka! ndo upeleke mashine, na unga ukirudi una joto usifunike ndoo mpaka upoe maana ule mvuke ndo unaanza uvundo. Karanga kaanga, menya, chagua tena, twanga kidogo kidogo uweke kijiko kwenye uji wakati unapika. Zisagike kabisa, usimpe nzima huyo bado mdogo zinapalia. Siku nyingine weka maziwa au yai badala ya karanga. Ubuyu pia, uji ukishaepuliwa, Dodoma tunao bwerere halafu tunauza wote Dar 😏 Na ziwa kama bado ananyonya usimwachishe, mpaka miaka miwili.

Kadi ndo imenigusa zaidi. Mstari kulala mara mbili usisubiri tarehe ya kliniki, nenda wiki hii na ueleze habari ya unga, maana inaweza kuwa ni unga, inaweza kuwa minyoo au UTI wala hutajua kwa kumwangalia.

Kibaigwa_Mzigo
Mimi nauza mahindi. Wengi mnachagua yale ya bei ya chini mnasema ni ya kusaga tu nani ataona, nafaka ya uji ndo ilitakiwa iwe ya kuchagua kuliko zote. Na wanaovuna wenyewe msimwage mahindi kwenye ardhi tupu na msipukuchue kwa kupiga na magongo, punje ikipasuka ukungu unapata mlango. Kuhifadhi ile mifuko ya kinga njaa (isiyopitisha hewa) inasaidia sana ila nafaka iwe imekauka, ukifungia mbichi umeivundika mwenyewe.

Mzee_wa_Hazina
Kumbe kuna shule hapa. Haya na karanga zile zilizotobolewa na wadudu wanazouza za kuungia mlenda je

binti_chemba
@Mzee_wa_Hazina hizo hizo, mwambie mama watoto azichague kabla ya kutwanga, ukikuta chungu mdomoni tema usimeze

mama_wa_nkuhungu
Asanteni sana jamani. Nimemsomea mama mkwe hiyo ya 2016, akanyamaza muda mrefu halafu akasema kumbe ndo ule ugonjwa wa kule Kondoa aliusikia. Sasa amekubali mtoto asipewe ila anataka unga tuwape kuku, umebaki kama kilo 5. Kuna shida?

mhudumu_wa_jamii
Shida ipo, kuku nao inawaua hasa vifaranga, na wanaotaga, mayai mnakula nyie. Ng'ombe wa maziwa hivyo hivyo inapita kwenye maziwa. Chimba shimo ufukie.

mama_wa_nkuhungu
Sawa mume kashachukua jembe, anauliza kama na ndoo afukie 😅 hiyo naiosha na kuianika juani. Kesho asubuhi kliniki halafu napitia Majengo, anayejua bei ya mtama kwa kilo saivi anitonye nisipigwe.