Rubani kapandisha ndege tukiwa karibu kutua, ni sawa?

Swali: Jameni, jana asubuhi narudi Entebbe, ukungu wa ziwani umetanda, tunakaribia chini mara injini zikanguruma tukapanda tena, mama niliyekaa naye akaanza kusali. Rubani alikosea ama?

Jibu: Hapana ndugu, hiyo ndo kazi yake. Kwa ILS ya kawaida, yaani mawimbi ya redio ya kiwanja yanayomwongoza rubani kutua, anashuka akifuata vyombo mpaka futi 200 hivi, akifika hapo hajaona taa za ranwei hana mjadala, anapanda.

Jibu: Na mafuta ya kwenda kiwanja kingine yanahesabiwa kabla ya safari.

Jibu: Oktoba 1988 ile ndege Boeing 707 ya Uganda Airlines ilianguka Roma kwenye ukungu ikijaribu kutua mara ya tatu, watu 33 wakafa. Mi rubani akipanda namshukuru kabisa, hata nikichelewa Kampala.